Kaunta buku tatu na magari yaliyokuwa juu ya mawe

Hapa Tanzania ukisema umenunua gari, swali la kwanza si limetengenezwa mwaka gani. Ni "Namba gani?" Ukijibu namba D unapewa hongera. Namba C, wanasema si haba. Ukisema namba A unapewa pole. Herufi ile ya kwanza baada ya tarakimu tatu kwenye kibao cha namba inaeleza gari liliandikishwa nchini lini, basi. Haisemi lilitunzwa na nani, lilikuwa linamwagiwa oili gani, wala fundi wa mwisho aliliacha katika hali gani. Lakini bei inashuka na herufi, na mimi, mwalimu wa fizikia wa sekondari hapa Morogoro mwenye watoto watatu wa kusomesha, nimekuwa nikiishi ndani ya tofauti hiyo ya bei tangu mwaka 2005.

Nimemiliki magari matatu, na yote niliyakuta yamekataliwa. Mawili yalikuwa juu ya mawe kabisa, tairi zimekaa pembeni, kuku wanataga chini ya buti. Kila moja nimelifungulia kaunta buku lake: tarehe, kilomita, nimejaza lita ngapi, limelia wapi, tumefungua nini, tumekuta nini. Haya ninayoandika leo yametoka humo.

La kwanza lilikuwa Nissan Sunny ya 1992, nyeupe, ya kabureta, niliyouziwa na mwalimu mwenzangu aliyekuwa anastaafu. Aliniambia ukweli wote siku ya kwanza: linachemsha. Akipanda kilima kidogo tu, mshale unagonga juu na mvuke unatoka kwenye boneti. Alikuwa amebadilisha rejeta. Alikuwa amesawazisha silinda hedi na kuweka gasketi mpya. Feni ilikuwa imeunganishwa moja kwa moja na swichi, inazunguka muda wote. Na thamostati, kile kivalvu kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, ilikuwa imetolewa na kutupwa, kwa maneno ambayo kila mwenye gari nchini hii ameshayasikia: "Huku kwetu joto, hiki kidude ni cha Ulaya."

Wiki ileile nilikuwa nafundisha Kidato cha Tatu kuhusu kiwango cha kuchemka na shinikizo. Nimechora ubaoni sufuria yenye mfuniko wa kubana, naeleza kwamba maji yakibanwa hayachemki kwenye nyuzi 100, yanakwenda mbele zaidi. Chaki ikiwa mkononi nikakumbuka kwamba kwenye lile gari wamebadilisha kila kitu isipokuwa mfuniko wa rejeta.

Jioni nikaufungua, injini ikiwa ya baridi. Juu umegongwa 0.9. Maana yake springi ya ndani inashikilia shinikizo mpaka baa 0.9 juu ya lile la hewa ya kawaida, na kwa shinikizo hilo maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 119. Ule mpira wa chini ulikuwa mgumu kama kwato, umepasuka nusu mzunguko, na springi niliibonyeza kwa kidole kimoja ikalala. Gari lilikuwa linaendeshwa kama sufuria isiyo na mfuniko. Mfuniko mpya nilinunua shilingi elfu nane.

Na thamostati nikairudisha. Fundi wa wakati ule alinikatalia, kwa heshima lakini kwa msimamo, kwa hiyo nikaichukua ile mpya darasani kwanza. Tukawasha jiko la mkaa nje ya maabara, sufuria ya maji, thamostati imening'inizwa kwa uzi isiguse chini, kipimajoto cha shule pembeni. Wanafunzi arobaini na kitu wamezunguka. Nyuzi 60, kimya. Nyuzi 75, kimya. Ilipofika 82 tukaona kile kisahani cha shaba kinaanza kujiinua chenyewe, taratibu, kama mtu anayeamka, na pembeni ya chuma kumegongwa 82. Mwanafunzi mmoja akasema, "Madam, kumbe inajua!" Ndiyo, inajua. Injini isiyo na thamostati inachelewa kupata moto, inakula mafuta zaidi, na oili haifikii joto la kukausha unyevu unaojikusanya ndani. Joto la Morogoro haliondoi hitaji hilo.

Sunny ile tulikwenda nayo Iringa ukweni mwaka 2007. Wanaoijua barabara hiyo wanajua Kitonga, malori yanapanda kwa gia namba moja na harufu ya klachi imejaa bondeni. Nilipanda nikiwa nimeukazia macho mshale kuliko barabara, mpaka baba watoto akanionya. Ulikaa katikati mpaka juu. Niliendesha gari lile miaka sita.

La pili ndilo nililolipenda kuliko yote, na ndilo watu walilolichukia kuliko yote: Mitsubishi Galant ya 1998, injini ya GDI. Nililikuta uani kwa mtu Kihonda mwaka 2011, limelala miezi kumi na minne. Mafundi wanne walikuwa wamelipitia. Wa mwisho alishauri injini ing'olewe na kuwekwa ya Toyota. Mwenyewe alikuwa amekata tamaa kiasi kwamba aliposikia nalitaka aliniuliza mara mbili kama nimeshauriana na mume wangu. Milioni moja na laki nane, pamoja na deni la leseni ya barabara, kwa sababu miaka ile, kabla ada hiyo haijafutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, gari lililokufa uani liliendelea kudaiwa kama lililo hai.

GDI ilikuwa jina la kutisha, na mpaka leo ukilitamka gereji watu wanacheka. Niseme ilivyo. Mitsubishi walianza kuiuza Japani mwaka 1996. Katika injini ya kawaida ya miaka ile, nozeli zinamwaga petroli kwenye njia ya hewa, nje ya valvu, kwa shinikizo la baa 3 hivi. Kwenye GDI petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, na pampu yake ya juu inaisukuma kwa baa 50. Tairi la gari dogo lina baa 2 tu. Piga hesabu. Tena mgandamizo wa injini ni mkubwa, kama 12 kwa 1, kwa hiyo inahitaji petroli safi, ya kweli. Sasa kumbuka hali ya petroli ya miaka ile. Uchakachuaji ulikuwa umeenea, mafuta ya taa yanachanganywa na petroli na dizeli, mpaka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, wakaanza kuweka vinasaba, yaani kemikali ya alama ya kuyatambua yaliyochanganywa, kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke. Gari lililobuniwa kwa petroli ya Japani liliteremshwa bandarini Dar es Salaam likanyweshwa mchanganyiko ule, halafu lawama ikabebeshwa gari.

Hapo ndipo nilipompata fundi ambaye ninaye mpaka leo. Gereji yake ni kivuli cha mkungu, hema moja la turubai na kabati la spana. Nilipomkokotea Galant kwa kamba hakugusa kitu. Aliomba tuliwashe, akakaa kwenye kindoo akilisikiliza. Sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, ilikuwa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, ekzosi inatema moshi mweusi, kisha linazima. Akaniambia, "Mwalimu, hili linakosa hewa kabla ya kukosa kitu kingine. Unanipa siku tatu?" Nilimwambia sitaki kumpa siku tatu, nataka kukaa naye hizo siku tatu. Ilikuwa likizo ya Juni.

Tulipoitoa manifoldi ya kuvuta hewa niliona kwa macho yangu kilichokuwa kinaliua. Katika injini za kawaida petroli inaosha mgongo wa valvu kila inapopita. Kwenye GDI haipiti pale, kwa hiyo mvuke wa oili na masizi vinaganda juu ya valvu mwaka baada ya mwaka bila wa kuviosha. Tundu ambalo lingepitisha vidole vitatu lilikuwa limebaki la kidole kimoja. Ule uchafu si vumbi. Ni mweusi, una mafuta, umeshikana kama ukoko wa ugali uliosahauliwa jikoni.

Fundi alinipa kazi. Tunazungusha krankishafti kwa spana mpaka valvu za silinda moja zifunge kabisa, ili kisianguke kitu ndani. Tunamwaga dawa ya kusafishia, tunasubiri dakika ishirini. Kisha nakwangua kwa kijiti cha mwanzi nilichokichonga bapa, kwa sababu chuma kingechuna valvu, namalizia kwa mswaki, nanyonya uchafu kwa bomba la sindano na kitambaa. Silinda ya kwanza ilinichukua asubuhi nzima. Mikono yangu ilibaki na weusi kwenye kucha mpaka shule zilipofunguliwa. Lakini ile saa unapofuta mara ya mwisho na rangi ya chuma ikatokea, ya kijivu, inayong'aa kidogo, unahisi umemnawisha mgonjwa uso.

Kwenye pampu ya juu fundi alinionyesha kichujio cha wavu chenye ukubwa wa ncha ya kidole changu kidogo. Hakuna hata mmoja kati ya wale wanne aliyekigusa, yawezekana hakuna aliyejua kipo. Kilikuwa kimezibwa na matope mekundu ya tangi. Tukashusha tangi, tukaliosha, tukabadilisha pia kichujio kikubwa. Jumla ya fedha iliyotumika, ukiacha ufundi, ilikuwa laki moja na elfu arobaini. Tulipowasha, lilikataa mara mbili, mara ya tatu likashika. Sailensa ikayumba kidogo kisha ikatulia. Fundi alisimamisha sarafu ya shilingi mia juu ya kava la injini, ikasimama. Nililia, na sioni haya kuandika hivyo. Lilikuwa gari zuri, lililotengenezwa na watu waliofikiri sana, na lilikaribia kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu kwa sababu ya uchafu.

Toka siku ile nililiwekea mafuta kituo kimoja tu, sikuruhusu tangi lishuke chini ya robo, na kila kilomita elfu thelathini tulifungua manifoldi na kukwangua tena. Lilinipeleka shuleni, hospitali kujifungua mtoto wa mwisho, na Dodoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Mwaka 2018 nikanunua la tatu, Nissan X-Trail ya 2002, kwa sababu familia ilikuwa imeongezeka na barabara ya kwenda shamba inahitaji gari lililonyanyuka. Hili nalo ukilitaja watu wanakuonya. Lilikuwa linatembea, lakini lina tabia moja: linazima njiani bila sababu, halafu baadaye linawaka kama hakuna kilichotokea. Hapa nilikosea, na kosa hilo liliniuma. Mimi ambaye nilikuwa nahubiri habari ya kupima kabla ya kununua, niliogopa, nikabahatisha. Nilinunua pampu ya petroli. Nikanunua koili mbili. Laki tatu na nusu zilikwenda, mwezi wa ada ya shule, na gari likaendelea kuzima.

Januari 2019 lilizima ndani ya hifadhi ya Mikumi, saa nane mchana, tukitoka Iringa. Barabara kuu inakata hifadhi kwa kilomita 50 hivi na huruhusiwi kushuka. Tulifunga vioo nusu, joto lilikuwa kali, mtoto amelala mapajani kwa dada yake. Kundi la tembo lilivuka mbele yetu, kama mita mia moja hivi, mama mbele na wadogo katikati. Baba watoto hakusema neno. Mimi nilichukua kaunta buku kwenye dashibodi nikaandika saa, halafu nikarudi nyuma kurasa kadhaa, kwa kuwa hakukuwa na jingine la kufanya. Ndipo nikaona. Mara zote tano lilizima baada ya mwendo wa zaidi ya saa moja, mchana. Mara zote lilikubali kuwaka baada ya dakika 30 hadi 40. Halikuwahi kuzima asubuhi. Jibu lilikuwa limeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe kwa miezi minne na sikulisoma. Baada ya dakika 35 nikazungusha ufunguo, likawaka.

Nilipofika kwa fundi nilimpa daftari badala ya ufunguo. Akasoma, akasema basi tulichoshe lizime hapahapa. Tukaliacha linaunguruma chini ya mkungu kwa saa nzima na zaidi. Lilipozima akapima haraka: cheche hakuna, na nozeli nazo hazipokei amri. Pampu inasikika inafanya kazi. Vitu viwili vikikosekana kwa pamoja, unatafuta kinachoviamuru vyote viwili, na hapo kuna sensa ya krankishafti, inayoiambia kompyuta injini iko wapi katika mzunguko. Imejificha nyuma ya bloku karibu na gia boksi. Alilala chini, akaibandika kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi kutoka kwenye deli la muuza maji. Akahesabu dakika tatu. "Washa, Mwalimu." Likawaka.

Sensa ya kwanza tuliyonunua ilikuwa feki, ilidumu siku kumi na moja. Ya pili ilitoka Ilala, imetumika, imeng'olewa kwenye injini iliyokuja kutoka Japani, na ipo mpaka leo. Ninawashauri mnaonisoma: kwa vitu vya umeme vya magari haya, orijino iliyotumika ni bora kuliko mpya ya bei ya kutupa. Tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024 fundi anapanda asubuhi, anafika Dar, anazunguka Ilala akiwa na kile kibovu mkononi kukilinganisha, na jioni yupo Morogoro. Zamani tuliagizia kwa basi na kubahatika.

Kuna anayenuna nikisema haya, ananiambia Toyota ingeniepusha na yote. Inawezekana, maana spea za Toyota zipo kila mji na kila fundi amezikulia. Lakini fedha ya Toyota ya hali nzuri sikuwa nayo mwaka 2005, wala 2011, na watoto walihitaji kufika shule. Kinachonisikitisha ni magari ninayoyaona uani kwa watu nikipita Kihonda na Mazimbu, Galant, na Toyota Nadia na Opa za D4, ambazo nazo zinapuliza petroli ndani ya silinda kama GDI, nyasi zimefika kwenye vioo. Najua mengi yana kichujio kimeziba, au waya umeliwa na panya, au sensa ya elfu hamsini. Natamani kugonga geti.

Galant niliiuza mwaka uleule wa 2019, kwa kijana mmoja wa Dodoma aliyelikagua akiwa amepiga magoti badala ya kulizunguka akipiga picha. Nilimkabidhi na kaunta buku yake, baada ya kupiga picha kila ukurasa kwa simu. Hunipigia mara chache. Mwaka jana aliuliza kuhusu maandishi ya ukurasa wa 41, pale nilipoandika "usikaze sana hii" bila kusema ipi. Ni boliti ya chini ya throto, uzi wake umechoka.

Mwezi uliopita alinitumia sauti ya sekunde arobaini, bila salamu, bila neno. Injini tu, sailensa imetulia. Niliisikiliza jikoni, kisha nikaenda nayo kwa fundi. Aliisogeza simu sikioni, akafumba macho, akaomba nirudie mwanzo.

"Injini haina neno," akasema. "Lakini alteneta, beringi ya mbele. Mwambie asisafiri nalo kabla hajaibadilisha."

Nikamwandikia palepale.